Mashauri kwa Jamaa: Mlango, Dirisha, Kiti na Mkanda wa Motokari



Siku ya Dominika, Misa ikiisha, twapenda kusimama kidogo mbele ya kanisa na kutazama jamaa zikirudi nyumbani. Wengi huenda kwa miguu, wengine kwa baiskeli au pikipiki, na baadhi yao kwa motokari. Basi, mara nyingi tumeona jambo hili: baba anaingia na kushika usukani; mama anakaa kando yake, na mtoto mchanga magotini; nyuma wanaingia watoto wanne, na nyanya yao, na shangazi aliyeomba nafasi. Mtoto mmoja anasimama katikati ya viti viwili vya mbele, apate kuona njia vizuri. Mwingine anatoa kichwa dirishani ili awaage rafiki zake. Mbele ya kioo yaning'inia rozari, pamoja na medali ya Mtakatifu Kristofa. Baba anafanya ishara ya msalaba, anawasha mashine, nao wanakwenda zao kwa furaha.

Ni jambo jema kuona jamaa iliyosali pamoja ikirudi pamoja. Hatutaki kuiharibu furaha hiyo. Lakini yatupasa kuuliza swali moja, nalo ndilo tutakalolijibu juma hili: katika motokari ile, ni nani aliyefunga mkanda wa kiti? Mara nyingi ni baba peke yake, naye ameufunga kwa sababu ya polisi wa njia panda. Mikanda ya nyuma imelala chini ya vitambaa vya viti, wala hakuna anayekumbuka kwamba ipo.

Tuanze na habari ya kale. Wazee wetu walilijua jina la Astrid, malkia wa Wabelgiji, katika miaka ile ambayo Kongo ilikuwa chini ya utawala wa Ubelgiji. Alizaliwa Stockholm, katika nchi ya Uswidi, mwaka 1905. Aliolewa na Leopold mwaka 1926, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1930. Mwaka 1933, kabla Leopold hajawa mfalme, wote wawili walizuru Kongo, na watu wengi waliwaona kwa macho.

Tarehe 29 Agosti 1935 walikuwa wakisafiri katika nchi ya Uswisi, karibu na Küssnacht, kando ya ziwa la Lucerne. Mfalme mwenyewe ndiye aliyeshika usukani, na malkia alikaa kando yake. Motokari ikatoka barabarani, ikateremka mtelemko, ikagonga mti. Malkia akarushwa nje, akafa palepale kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mfalme aliumia, akapona. Nyumbani walibaki watoto watatu bila mama: wa kwanza alikuwa na miaka 7, na wa mwisho alikuwa amepita mwaka 1 tu. Hata leo kipo kikanisa kidogo mahali pale, na wapitao husimama kumwombea.

Hatusimulii habari hii ili tumlaumu mtu. Siku zile motokari za watu hazikuwa na mikanda, wala hapakuwa na aliyeidai. Twaisimulia kwa sababu yatuonyesha kwamba taji, mali na motokari ya thamani havimshiki mtu kitini wakati chuma kinapogonga mti. Tena, lipo jambo la kutufariji. Kutoka nchi ileile alikozaliwa malkia huyo, miaka 24 baadaye, ilikuja dawa. Mhandisi mmoja wa Uswidi, jina lake Nils Bohlin, ambaye zamani alishughulika na viti vya kuwaokoa marubani wa ndege, aliajiriwa na kiwanda cha Volvo. Kabla yake ilikuwako mikanda iliyopita tumboni peke yake, nayo iliweza kuumiza matumbo. Bohlin akatengeneza mkanda unaopita begani na nyongani pamoja, na kushikwa mahali patatu, nao wafungwa kwa mkono mmoja tu. Mwaka 1959 ukaanza kutiwa katika motokari za kuuzwa. Na kiwanda hakikuuficha: kiliwaruhusu watengenezaji wote wa motokari duniani kuutumia bila malipo. Ndio mkanda uleule ulio katika motokari zetu leo. Ni zawadi, ndugu. Na sisi tumeificha chini ya kitambaa.

Sasa tueleze kwa nini mkanda wahitajiwa. Wanafunzi wetu walijua hili kwa somo la fizikia: kitu kilicho katika mwendo hutaka kuendelea na mwendo wake, mpaka kizuiwe na nguvu nyingine. Newton aliliandika jambo hilo kama sheria ya kwanza ya mwendo. Asiyesoma fizikia amelionja nyuma ya lori: dereva akifunga breki ghafula, wote waliosimama huanguka kuelekea mbele. Hapana aliyewasukuma. Lori limesimama, lakini miili yao ilikuwa bado safarini.

Wanafunzi, chukueni chaki tuhesabu pamoja. Motokari inayokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Ikigonga ukuta, yenyewe husimama mara moja. Lakini mtu asiyefungwa huendelea na mwendo wa mita 14 kwa sekunde, mpaka akutane na usukani, au kioo, au kichwa cha aliye mbele yake. Mwendo huo ni sawa na wa mtu aliyeanguka kutoka juu mita 10, kama kilele cha mwembe mkubwa. Hakuna mzazi anayemwacha mtoto wake acheze juu ya kilele cha mwembe bila kushika tawi. Na kilometa 50 kwa saa si mbio. Ni mwendo wa kila siku mjini.

Tuhesabu tena, kwa ajili ya mama aliyempakata mtoto wake mbele. Mtoto ana kilo 10. Motokari iliyokwenda kilometa 50 kwa saa inasimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili mama amshike mtoto asiruke, yampasa awe na nguvu za kuinua kilo 140 kwa ghafula, yaani karibu mifuko mitatu ya saruji. Ni mama gani awezaye? Upendo wake ni mkubwa, lakini mikono yake ni mikono ya mtu. Na kama mama mwenyewe hakufungwa, basi yeye naye hurushwa mbele, na mwili wake humponda mtoto aliyetaka kumwokoa. Tusamehewe kwa kusema maneno makali hivi. Ni afadhali yasomwe hapa kuliko kuonekana barabarani.

Twakumbuka hapa mapokeo ya Mtakatifu Kristofa, ambaye medali yake yaning'inia katika motokari nyingi. Husimuliwa kwamba alimbeba mtoto begani ili amvushe mto, na katikati ya maji mtoto akazidi kuwa mzito, hata yule mtu mwenye nguvu akadhani atazama. Alikuwa na fimbo imara ya kujitegemeza, ndipo akafika ng'ambo. Mzazi leo naye hubeba mtoto ambaye, katika dakika ya hatari, huwa mzito kupita nguvu zake. Fimbo yake ni mkanda.

Mzazi mmoja wa parokia alitusimulia mazungumzo yaliyotokea katika motokari yake, naye ametupa ruhusa tuyaandike.

Binti yake, mwanafunzi wa shule ya msingi, alimwuliza: "Baba, mwalimu ametufundisha kwamba hata wanaokaa nyuma wana mikanda. Yetu iko wapi?"

"Iko chini ya kitambaa, mwanangu. Nyuma polisi hatazami."

"Basi baba, mkanda ni wa polisi au ni wetu?"

Baba akanyamaza. Nyanya, aliyekaa kando ya mtoto, akamsaidia mwanawe kujibu: "Mjukuu wangu, sisi tulisafiri juu ya malori, juu ya magunia, siku tatu na usiku wake, na tukafika."

"Ni kweli, mama," akasema baba polepole, "tulifika. Lakini wale wasiofika hawapo leo kutusimulia."

Jioni ile alichukua kisu, akapasua mshono wa kitambaa, akavuta mikanda mitatu, ambayo ilikuwa mipya kama siku ilipotoka kiwandani. Dominika iliyofuata alifanya safari mbili kutoka kanisani, maana mikanda ilikuwa mitatu na watu wa nyuma walikuwa sita. Majirani walicheka kidogo. Mafuta yalipungua kidogo. Nyanya ndiye aliyefungwa wa kwanza, kwa heshima yake.

Sasa tutoe mashauri yenyewe, moja moja, ili kila msomaji aweze kuyashika.

MLANGO. Kazi ya kwanza ya mlango ni kuwaweka watu ndani. Ajali inapotokea, anayerushwa nje yuko katika hatari ya kufa kuliko anayebaki ndani. Kisa cha malkia chatukumbusha. Kwa hiyo dereva asiondoke kabla ya kusikia kila mlango umefungwa barabara, wala mtu asining'inie mlangoni, awe abiria au msaidizi wa dereva. Katika motokari nyingi, ubavuni mwa milango ya nyuma, panapoonekana mlango ukiwa wazi, kuna komeo dogo la watoto. Likigeuzwa, mtoto hawezi kuufungua mlango kwa ndani. Wazazi wengi wana motokari miaka mingi bila kulijua. Litafuteni leo.

Hatari ya pili ya mlango ni kwa wale walio nje. Mlango ukifunguliwa ghafula, mwenye baiskeli au pikipiki anayepita kando hugongwa na kuanguka mbele ya magurudumu ya wengine. Huko Uholanzi, nchi ya baiskeli nyingi, wanafunzi wa udereva hufundishwa njia nyepesi: ufungue mlango kwa mkono ulio mbali nao. Aliye upande wa kushoto afungue kwa mkono wa kuume. Aliye upande wa kuume afungue kwa mkono wa kushoto. Kwa kufanya hivi mwili wageuka, na macho hutazama nyuma yenyewe. Jaribuni, mtaona.

Yatupasa kuongeza neno juu ya nchi yetu. Katika Kongo twaendesha upande wa kuume wa barabara. Lakini motokari nyingi zinazofika Katanga na Kivu zilitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Japani. Usukani wake uko kuume, na katika mabasi madogo ya namna hiyo mlango wa abiria uko kushoto. Kwetu sisi, mlango huo usipohamishwa hufungukia katikati ya barabara, mahali motokari nyingine zinapopita. Basi, mama anayeshuka na mtoto asimtangulize mtoto. Ashuke yeye kwanza, atazame pande zote, kisha amshike mtoto mkono. Na katika motokari ya nyumbani, watoto wapande na kushuka sikuzote upande wa ukingo wa barabara, hata kama ni lazima kusogea kitini.

Tena, kabla ya kufunga mlango, mtu aseme kwa sauti: "Vidole!" Ni neno moja tu, lakini limeokoa mikono midogo mingi.

DIRISHA. Kichwa cha mtoto na mkono wa mtu mzima ni vya kukaa ndani. Katika barabara nyembamba lori hupita karibu sana, na tawi la mti halimngojei mtu arudishe mkono wake. Dirisha linalopanda kwa umeme lina nguvu ya kukaba shingo ya mtoto. Katika motokari nyingine hurudi chini likiguswa, lakini si katika zote. Kwa hiyo dereva atazame nyuma kabla ya kupandisha vioo, na akishuka auchukue ufunguo. Mahali palipo kibonyezo cha kuyafunga madirisha ya nyuma, akitumie.

Wala asiachwe mtoto ndani ya motokari iliyofungwa, hata kwa muda wa kununua mkate. Jua la kwetu lajulikana. Katika dakika 10 za kwanza joto la ndani laweza kupanda karibu nyuzi 10 kupita joto la nje, kisha huendelea kupanda. Na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko mwili wa mtu mzima. Anayesema "narudi sasa hivi" hajui atakutana na nani dukani.

Dirisha ni njia ya wokovu pia. Barabara zetu za Kivu na Tanganyika hupita mahali pengi kando ya maziwa na mito. Motokari ikianguka majini, maji husukuma mlango kwa nje, nao hukataa kufunguka. Wala dirisha la umeme halitafanya kazi kwa muda mrefu. Basi, msipoteze wakati kwa kungoja: fungueni mikanda, teremsheni vioo mara moja, toeni watoto, tokeni. Hapa wengine hutuambia: "Ndiyo maana sisi hatufungi mkanda, tunaogopa kunaswa ndani ya maji au moto." Twajibu hivi: ajali za maji na moto ni chache kuliko za kugongana, na hata katika hizo, anayeweza kufungua dirisha na kutoa watoto ni yule ambaye hakupoteza fahamu kwa kugonga kichwa. Mkanda ndio uliomwacha na akili yake. Kuufungua ni kubonyeza mara moja.

KITI. Dereva akae wima, mgongo ukigusa kiti, na kifua chake kiwe mbali na usukani kadiri ya sentimeta 25. Sababu ni hii: katika usukani wa motokari nyingi mmefichwa mfuko wa hewa, unaofumuka kwa nguvu nyingi wakati wa kugonga, aliyekaa karibu mno huumizwa nao. Egemeo la kichwa lipandishwe, sehemu yake ya juu iwe sawa na utosi. Limewekwa kulinda shingo wakati motokari inapogongwa kutoka nyuma, wala si mto wa kulalia. Abiria wa mbele asilaze kiti chake kama kitanda huku motokari inakwenda, maana mwili utateleza chini ya mkanda. Wala asiweke miguu juu ya ubao wa mbele.

Watoto wakae nyuma, mpaka wapite miaka 12. Mtoto mchanga awe na kiti chake kidogo, kilichofungwa katika kiti cha nyuma, naye atazame nyuma, ili mgongo, shingo na kichwa vibebwe pamoja. Kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi: ukifumuka, utakipiga na kumwua mtoto. Mtoto aliyekua kidogo huketi juu ya kiti cha kumwinua, mpaka mkanda wa watu wazima umtoshe. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa mita 1.35 au mita 1.5 za urefu. Shirika la Afya Duniani lasema viti vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Twajua kwamba bei yake ni kubwa kwa jamaa nyingi. Lakini jamaa zinazosaidiana kwa nguo za ubatizo zaweza kusaidiana kwa kiti pia: mtoto wa nyumba moja akikua, kiti kihamie nyumba nyingine, mradi hakijawahi kuwamo katika ajali.

Wala mizigo isisahauliwe. Dumu la mafuta ya mawese au gunia la unga lililowekwa nyuma ya vichwa vya watu husafiri nao kwa mwendo uleule, na wakati wa kugonga huruka kama jiwe. Vizito viwekwe chini, vifungwe kwa kamba.

MKANDA. Ukanda wa chini upite juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Ukanda wa juu upite katikati ya bega na juu ya kifua, si shingoni, wala si chini ya kwapa. Wapo wanaoupitisha chini ya kwapa kwa kuogopa kukunja nguo ya Dominika. Hao hutoa mbavu zao ili kuokoa shati. Mkanda usijipinde, uvutwe ukae karibu na mwili, na kila mtu awe na wake. Baba na mtoto katika mkanda mmoja si ulinzi, maana baba atambana mtoto kwa uzito wake wote.

Mama mjamzito naye afunge. Ukanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti, na kando ya tumbo. Hapo watu wawili wanalindwa kwa mkanda mmoja, na hii ndiyo ruhusa pekee.

Walio nyuma wasijidanganye kwamba kiti cha mbele kitawazuia. Mtu mzima wa nyuma asiyefungwa hurushwa juu ya aliye mbele yake, naye aweza kumwua hata kama yule wa mbele amefungwa vema. Kwa hiyo kufunga mkanda si jambo la nafsi ya mtu tu. Ni amri ya kumpenda jirani, na jirani yu karibu sana, mbele ya magoti yako.

Mwenye motokari aikague mikanda mara kwa mara: auvute ghafula, aone kama wakaza, atazame kama umechanika au kuliwa na panya. Mkanda uliovuta uzito wa watu katika ajali kubwa ubadilishwe.

Lakini abiria wa teksi au basi dogo afanyeje, ikiwa mikanda haipo? Twajua kwamba wasomaji wetu wengi hawana motokari yao. Basi, aulize kwanza. Mara nyingi mkanda upo, nao haujatolewa tu. Abiria wengi wakiuliza kila siku, mwenye gari ataelewa. Usipokuwapo, mtoto akae nyuma, wala asisimame katikati ya viti. Na kama gari limejaa hata watu wakaliana, kungoja lingine si woga. Juu ya mizigo ya malori tusiwapandishe watoto kamwe: huko hakuna mlango, wala kiti, wala mkanda.

Pengine msomaji atasema: "Saa yangu ikifika, imefika, mkanda utafanya nini? Mimi namtegemea Mungu." Tumesikia neno hili mara nyingi, na kwa midomo ya watu wema. Tukumbuke jinsi Mwovu alivyompeleka Bwana wetu juu ya kilele cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamchukua. Bwana alikataa, kwa sababu kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kumjaribu Mungu ni jambo lingine. Anayekwenda mbio bila mkanda, na medali mbele yake, amesimama juu ya kilele kile. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, yafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mbio apata hatia kubwa. Na mwezi wa Juni 2007 Baraza la Kipapa lililowashughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za madereva. Ya kwanza ndiyo ileile tuliyojifunza utotoni, ya kutokuua. Mwongozo huo wawashauri pia wasafiri wafanye ishara ya msalaba kabla ya kuondoka. Kanisa halitenganishi sala na uangalifu. Mbona sisi tuvitenganishe?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu karibu milioni 1.19 ulimwenguni, na kwamba ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote. Shirika hilohilo lasema mkanda waweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliye ndani ya gari hata nusu. Jimbo la Victoria, katika Australia, lilitangulia kuulazimisha kwa sheria mwaka 1970, na nchi nyingi zikafuata. Lakini sheria hukaa njia panda tu, alipo polisi. Baba na mama wako pamoja na watoto safari nzima.

Basi, wanafunzi wapenzi, tunawapa kazi. Dominika ijayo, kabla ya motokari kuondoka, mtoto mkubwa wa nyumba aulize kwa adabu maneno manne: "Mlango? Dirisha? Kiti? Mkanda?" Na kila mmoja aitike. Kisha baba afanye ishara ya msalaba, wote pamoja naye. Haitachukua hata nusu dakika.

Na wewe baba, usione haya kupasua kitambaa cha kiti chako. Kitambaa hushonwa tena.

Safari njema, ndugu wasomaji. Mungu awafikishe nyumbani wote, kwa hesabu ileile mliyoondoka nayo.